Mama wa kanisani kwetu alivyoosha damu kwenye bendera ya Waingereza

Wakuu, salamu kutoka Brussels, baridi inatumaliza. Hii sikusimuliwa, ufunguo wa kanisa ninao mimi.

Sisi Waswahili tunasali mchana kwenye kanisa dogo la Waingereza. Tumeazimwa tu. Tukikosea, tunarudi kusali sebuleni kwa watu kule Matonge, mtaa wa Waafrika, watoto wamekaa juu ya makabati.

Ukutani kuna bendera ya kikosi kimoja cha zamani cha Uingereza, regiment ya askari wa miguu. Waliibeba vitani hapa nje ya mji, enzi za mababu wa mababu. Kijana aliyeishika alipigwa risasi akafa, damu ikabaki kwenye pembe.

Kwa mila yao bendera hiyo haifuliwi wala haishonwi, inaachwa mpaka iishe yenyewe. Kila mwaka wastaafu wa regiment huja kuigusa ile pembe.

Sasa mnawajua mama zetu na usafi. Kusikia wageni wanakuja, Maman Béa wa Lubumbashi akaongoza usafi Jumamosi.

Jumapili nafungua mlango, naangalia ukutani. Pindo limeshonwa, pembe imetakata! Namuuliza Maman Béa, ananiambia ilikuwa chafu. Basi.

Sijajipanga, wazee hao wanaingia, nishani vifuani. Mkubwa wao, colonel mstaafu, akanyoosha mkono aguse, ukabaki hewani. Akauliza ni nani kafanya hivi.

Natafuta Kiingereza cha kuombea msamaha, Maman Béa akasimama.

"Ni miye, papa. Niliona ni damu. Kwetu damu ya muntu haiachwake kwa ukuta. Niliosha na maji ya baridi. Ile maji sikuimwanga kwa choo. Niliimwanga inje, chini ya muti, nikaombea ule mutoto."

Nikatafsiri. Moyoni nilishaanza kufungasha spika na kinanda chetu.

Kisha mzee akaomba aonyeshwe huo mti. Tukatoka wote. Akasimama pale, akapiga saluti, machozi yanamtoka mbele za watu.

"Damu yake tumeitunza miaka yote," akaniambia. "Kaburi lake hatukuwahi kulijua."

Kanisani bado tunasali, wakuu. Wazee waliondoka bila kuigusa bendera.

Nilichojifunza: usimwombee mtu msamaha kabla hujamsikia.

Haya, tuambizane. Wewe maji yale ungeyamwaga wapi?