Namba za Mchicha

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa bingwa wa kupika data. Sioni haya kulisema, maana darasa zima tulipika, ila mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Shule yetu, dakika chache kwa miguu kutoka sokoni Kariakoo, ilikuwa na maabara moja ya fizikia, na tulikaa kumi kumi kwenye meza moja. Mmoja anabembeza kijiwe kilichofungwa kwenye uzi, mmoja ameshika saa, wanane waliobaki wanatazama visogo vya wenzao. Kengele inalia hamjapata kitu cha maana. Lakini jibu la nguvu ya mvutano wa dunia tulilijua, lilikuwa kitabuni: tisa nukta nane. Basi mimi nachora kwanza mstari wa grafu, halafu narudi kujaza jedwali, na namba mbili tatu nazisogeza pembeni kidogo ili zifanane na za kweli. Nilipata vema kila mara, na wenzangu walipanga foleni kunakili daftari langu.

Ndiyo maana mwalimu wetu wa fizikia alipoanzisha klabu ya sayansi, wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mpole, na tulimwita Madam. Alitueleza kwamba kutakuwa na maonesho ya shule mbalimbali, na watakaofanya vizuri watapelekwa kambi ya sayansi wakati wa likizo, mahali ambapo kila mwanafunzi ana meza yake na vifaa vyake. Meza yangu peke yangu. Nilitaka kwenda huko kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Madam alisema tutafute swali nyumbani. Mimi swali nilikuwa nalo tangu utotoni. Mama yangu aliuza mchicha mezani pembeni ya soko, na kwa miaka yote alibishana na jirani yake wa meza ya pili. Jirani alikuwa na chupa ya plastiki aliyoitoboa kifuniko, akinyunyizia mboga zake maji kutwa nzima. Mama alinyunyiza asubuhi tu, kisha akafunika kwa gunia bichi. Jirani alimwambia mboga zake zina kiu, mama akamjibu kwamba za jirani ndizo zinazozama. Nani alikuwa sahihi? Madam alipiga meza kwa furaha, akaniazima mzani mdogo wa maabara.

Kwa majuma matatu nilipima. Nilitenga mafungu matatu: moja halinyunyizwi kabisa, moja asubuhi tu, moja kutwa, na hilo jirani alininyunyizia nikiwa shuleni. Nilipima nikitoka shule, na kesho yake kabla ya kwenda. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika. Fungu lililonyunyizwa kutwa lilizidi uzito, lakini ule si ulikuwa uzito wa maji yenyewe? Nikalikung'uta. Nilikung'uta kiasi gani, na jana je? Nikaacha mzani, nikaanza kuhesabu majani yaliyoharibika. Siku ya mawingu fungu la kutwa lilipendeza kuliko yote. Siku ya jua lilipendeza hadi jioni, asubuhi yake nikilifungua linanuka, katikati pameshavunda na ute unanata vidoleni, na siku moja nilitapika. Fungu la mama mara linashinda, mara linashindwa. Daftari langu lilijaa namba ambazo hazikutaka kukaa pamoja.

Nikamfuata Madam ofisini. "Madam, jibu linatakiwa liwe ngapi?"

"Sijui," akasema.

Nilidhani ananipima. "Lakini likikaribia ngapi ndiyo sawa?"

"Mimi pia sijui. Ndiyo maana tunapima."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kabisa, na nikiwa na hasira naye. Miaka yote hiyo nilifundishwa kufika mahali palipokwisha kujulikana, leo naambiwa hapajulikani na mwalimu mwenyewe anatabasamu. Kupika nilijua, lakini nipike kuelekea wapi? Nikafungua kitabu cha biolojia, kikasema jani likikosa maji linanyauka. Hilo likanitosha. Nikachora mstari mmoja safi unaopanda: maji zaidi, mchicha unadumu zaidi. Siku za kuvunda nikaziacha kwenye daftari la zamani, nikanunua jipya.

Maonesho yalifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi mkubwa. Mama alifunga meza mapema, akaja na kitenge chake cha sherehe. Jaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alisimama mbele ya bango langu muda mrefu.

"Grafu imenyooka sana hii," akasema. "Hakuna siku iliyokushangaza?"

"Hakuna," nikajibu.

Mama akacheka kidogo, akaingilia akidhani ananisaidia. "Samahani, mwalimu. Ipo. Yale mafungu ya huyu jirani yangu si yalioza, mwanangu? Ile siku ulitapika?"

Jaji akanigeukia. Nikamtazama mama, nikatazama grafu. 

"Hayakuoza, mama," nikasema. "Yalinyauka yale yasiyonyunyizwa."

 Nilimwona mama anafikiri. Kisha akaweka mkono kifuani, akamwambia jaji kwa heshima zote, "Basi nimechanganya mimi. Huyu ndiye aliyesoma."

Nilichaguliwa. Jumatatu nikapewa barua ya kambi inayohitaji sahihi ya mzazi, nikaenda nayo moja kwa moja sokoni. Nilimkuta mama ana chupa mpya ya plastiki, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, ananyunyiza. Mchicha wote umelowa, maji yanatiririka mezani hadi kwenye ndala zake. Jirani yake alikuwa anamtania kwamba leo amekubali shule, naye anacheka tu. Chini ya meza palikuwa na beseni lenye mafungu ya jana, na harufu yake niliifahamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone, nafuata ya kwako. Ila sijui nakosea wapi, mengine yameharibika. Ninyunyize mara ngapi kwa siku?"

Sikuwa na namba ya kumpa. Nilisimama na ile barua mkononi, sijui nianze na lipi, kambi au beseni. Mwisho nikamwambia. Nikamwambia kwamba zile namba nilizitunga mwenyewe, kwamba mafungu yalioza kweli, na yeye hakuchanganya kitu.

Aliweka chupa mezani. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Yule mwalimu wa miwani alijua?"

"Hakujua."

"Mimi nilijua," akasema. "Niliyashika kwa mikono yangu. Nikaona bora nikuamini wewe."