Kisu Changu Kilivyotekwa Mnyambe

Niliondoka Nachingwea kwa sababu ya kisu. Kazi ya mashamba ya karanga ya Waingereza ilikuwa imekwisha, matrekta yamesimama safu nzima yakiota kutu, na bwana mmoja wa Kiingereza niliyekuwa nikimfulia nguo alikuwa anafunga masanduku arudi kwao. Akaniita barazani, akaweka mbele yangu blanketi la sufu na kisu cha kuwindia, akaniambia nichague kimoja. Kisu kilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, mpini wa pembe, ala ya ngozi yenye vifungo viwili. Nilikichukua kabla hajamaliza kusema. Tangu siku ile nimelala njiani mara nyingi nikitetemeka kwa baridi, lakini nikiwa na silaha.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu dirisha letu lilikuwa linatazama barabara. Kwa hiyo dereva mmoja aliponiambia kwamba Newala kuna Mzungu mwindaji anayeandika watu wa kuchuna ngozi, wateremke naye bondeni Ruvuma kwa miezi mitatu, sikuuliza mara mbili. Masharti yalikuwa mawili: mtu awe na afya, na awe na kisu chake mwenyewe. Afya nilikuwa nayo kiasi. Kisu nilikuwa nacho kupita kiasi. Mnyama mkubwa niliyewahi kumchuna maishani alikuwa sungura, na hata huyo dada yangu ndiye aliyemmalizia. Lori la mwindaji lilikuwa liondoke Newala Alhamisi alfajiri. Miezi mitatu porini, tembo, nyati, mto nisiowahi kuuona: niliitaka safari hiyo kuliko nilivyowahi kutaka chakula.

Jumamosi asubuhi nilishuka Masasi kutoka juu ya magunia ya chumvi. Yale majabali yao yamesimama kama watu walioitwa wakasahau walichoitiwa. Mzee mmoja mwenye kuuza tumbaku akakitazama kisu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia kwetu Songea. Akachungulia nyuma yangu barabarani, akatazama kwa muda mrefu.

"Wengine wako wapi?"

Nikamjibu niko peke yangu. Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa masikitiko kwamba safari hii Wangoni wamemtuma mmoja tu, hali ni ngumu kila mahali.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtu hapaswi kulisahau. Sisi Wangoni ni watani wa watu wa kule. Babu zetu waliwavamia, wakachukua mbuzi na watu, na vita vilipokwisha uchungu ule ukageuzwa mzaha. Mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kukuchukulia kitu chako mbele ya kadamnasi, na wewe huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ameshindwa. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni jinsi Mngoni anavyoonekana akielekea uwanda wa Makonde na kisu kikubwa kiunoni.

Lisekese, jirani na Masasi, nilipita sokoni nikitafuta chakula. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makopa ya muhogo alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja pamoja, tayari kufungwa kamba. Alisema nimteke yeye, amechoka kutwanga, ila nimbebe kwa sababu hatembei. Jirani yake akasema na yeye atekwe, lakini aulizwe kwanza mumewe kama atafurahi sana au kidogo. Nilinunua makopa yangu nikaondoka haraka, nikisindikizwa na vigelegele kama bwana harusi.

Jumapili jioni nilifika Chidya, chini kidogo ya ukingo wa uwanda, nikapokewa na fundi seremala mmoja, Baba Yohana. Mkewe alikiomba kisu amenye muhogo. Akajaribu mmoja, akanirudishia.

"Hiki kinawinda nini?"

"Mnyama mkubwa, mama."

"Akiwa hai au akishakufa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni cha kuchunia, kwa hiyo akishakufa.

"Basi ni kisu cha jikoni kilichonenepa," akasema, akachukua kijisu chake chenye mpini wa kitambaa, akamenya kikapu kizima kabla sijafunga vifungo vya ala. Baba Yohana alinifariji kwamba pengine kingefaa kupasulia kuni, lakini tulipojaribu kilionekana kifupi.

Jumatatu nilipanda uwanda. Wenyeji waliniambia njia ya Mnyambe ina mzunguko lakini ina kivuli cha mikorosho. Kivuli kilikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Kule juu ardhi ni mchanga mwekundu unaokunywa kila kitu, mito iko chini mabondeni, na wakati wa kiangazi wanawake huteremka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Mimi mtoto wa kandokando ya mto nilidhani nimeambiwa hadithi.

Saa nane mchana ulimi ulikuwa umeninatia kwenye kaakaa. Nikaona nyumba, na bibi kizee anapepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaomba maji. Akanipa kata, imejaa nusu. Nikanywa, nikanawa uso na mikono kwa furaha, na yaliyobaki nikayamwaga chini, pwaa, kama tunavyofanya nyumbani.

Bibi akaweka ungo chini. Aliutazama mchanga mpaka ulipokauka, nao haukuchukua muda.

"Unatoka wapi, wewe unayemwaga maji?"

"Songea, bibi."

"Mngoni," akasema, kama mtu aliyesomewa barua aliyokuwa akiisubiri. Akanisogelea, akafungua kifungo cha kwanza cha ala, akafungua cha pili, akakivuta kisu changu taratibu, akaingia nacho ndani.

Jina lake alikuwa Bibi Somoe. Majirani walipokusanyika aliwatangazia kwamba vita vimeanza tena na ameshinda. Mimi aliniachia, maana hakuona cha kufanya na mimi. Kisu ni mateka. Na mateka hakai bure, atafanya kazi kama walivyofanyishwa kazi wale waliochukuliwa na babu zangu. Nilicheka kwa sauti kubwa, kama inavyonipasa. Nilicheka mpaka jua likatua, nikalala barazani kwake, nikaamka, kisu bado kiko ndani.

Jumanne nilikwenda Newala bila kisu, nikiwa na ala tupu kiunoni. Nyapara wa yule mwindaji alikuwa ameketi chini ya bendera karibu na boma, mtu mzito, Myao wa Tunduru. Nikamweleza kwamba nina afya, na kisu changu kimetekwa vitani. Akaniuliza vita gani. Nikamwambia. Akaomba aione ala. Akaipima kwa shubiri, akaingiza mkono ndani, akasema kisu lazima kilikuwa kizuri sana, poleni kwa msiba. Yeye naye alikuwa mtani wangu, nilisahau hilo pia.

"Alhamisi alfajiri," akasema. "Ukija na kisu, unapanda. Ukija na ala, utamchuna nyati kwa mfuko?"

Jumatano mchana nilirudi Mnyambe nikiwa nimepanga maneno ya kumlainisha Bibi Somoe. Sikumkuta. Alitokea baadaye vichakani, kikapu kichwani na mkononi kisu changu, kimejaa udongo hadi mpini. Alikuwa amekwenda nacho kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo hujificha chini kabisa kana kwamba vina deni. Ile ncha niliyokuwa nikiipaka mafuta kila Jumapili ilikuwa imepinda kidogo. Hasira ilinipanda, lakini anayekasirika ameshindwa. Nikampokea kikapu.

Bibi akaketi kizingitini anawe. Akachota kata moja, akajaza maji mdomoni, mashavu yakavimba. Akatema kidogo viganjani, akasugua mikono. Akatema tena kidogo, akanawa uso. Akatema tena, nyuma ya masikio. Tama moja la maji lilimwogesha nusu ya mwili.

Nami nikasimama pale kama nguzo. Maana mtu mwingine mmoja tu duniani nilikuwa nimemwona akinawa hivyo, naye ni nyanya yangu, mama yake mama. Mnamkumbuka. Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka mtoni, na kila asubuhi alinawa kwa tama moja la maji, na sisi watoto tulimcheka tukisema nyanya anauhurumia mto usikauke. Hakuna aliyemuuliza alijifunzia wapi. Tulijua tu kwamba aliletwa mdogo, kutoka mashariki, wakati wa vita.

Nikamwambia Bibi Somoe. Akaniuliza jina la nyanya. Nikamtajia, akasema hilo ni jina la Kingoni. La kwanza, kabla hajachukuliwa, lilikuwa nani? Sikulijua. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na mara ya pili pia sikulijua. Hapo ndipo aliponiambia kwamba dada yake mkubwa alikamatwa njia ya maji. Wangoni hawakuwa na haja ya kupanda uwandani, walikaa bondeni kwenye kisima wakangoja, kwa kuwa mwenye kiu huja mwenyewe.

Majirani walisikia, na jambo likawa kesi. Jirani mmoja, Baba Zaituni, akafanywa hakimu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na kiti. Hoja ilikuwa ngumu: kama mimi ni Mngoni, basi ni mtani, na kisu ni mateka halali. Kama mama wa mama yangu ni mtu wa huku, basi kwa desturi yao mtoto hufuata upande wa mama, nami ni mjukuu, na mjukuu hawezi kutekwa na bibi yake. Mtu mmoja alisema labda nigawanywe. Mwingine akasema pua ni ya Kingoni. Baba Zaituni akaamua nipewe kata ya maji, ninawe.

Nikajaza mdomo. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo tangu utoto, nilipokuwa nikimwigiza nyanya ili wenzangu wacheke. Tama la kwanza likanitoka puani. La pili likalowesha shati. Watu wakalala chini kwa kicheko, na Baba Zaituni akasema mahakama imeona Mngoni. Nilikuwa nimebakiwa na tama la mwisho mdomoni. Nikainuka, nikaenda pembeni ya nyumba ambako mboga maboga ilikuwa inatambaa, nikalitema kwenye shina lake, nikakanyaga udongo kidogo kwa kidole gumba cha mguu ili lisikauke.

Niliporudi hakuna aliyekuwa akicheka. Sikujua nimefanya nini. Nyanya alikuwa akifanya hivyo kila siku, kwenye boga lake, mto ukipita hatua thelathini pale.

"Huko Songea mnamwagilia maboga kwa mdomo?" Baba Zaituni akauliza.

Nikamwambia hapana. Ni yeye tu.

Bibi Somoe akaingia ndani. Akatoka na kisu, amekifuta, akanipa akinielekezea mpini.

"Siwezi kusema wewe ni wa dada yangu," akasema. "Waliochukuliwa walikuwa wengi. Lakini ni wa mtu wa hapa. Mjukuu hanyang'anywi kitu." Kisha akanisukumia madebe mawili matupu kwa mguu. "Mjukuu hutumwa."

Jua lilikuwa bado halijatua. Ningetembea usiku ule ningefika Newala kabla ya lori. Kisu nilikuwa nacho mkononi, afya nilikuwa nayo. Nikamuuliza bibi kama maji hayawezi kungoja mpaka mtu mwingine aende. Akasema yanaweza, yamengoja miaka sabini.

Alhamisi alfajiri, saa ambayo nyapara alikuwa akihesabu watu wake, mimi nilikuwa nateremka bondeni nyuma ya wanawake wa Mnyambe, mwanamume peke yangu. Walinitania njia nzima, lakini sasa kama mtu wa nyumbani, yaani vibaya zaidi. Kichwani debe lilinishinda. Kwa hiyo kando ya kisima kile nikatafuta mti ulionyooka, nikaukata kwa kisu changu, nikauchonga ncha zote mbili, nikatengeneza mzegazega, debe moja mbele, moja nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya porini ambayo kisu kile kiliwahi kufanya mkononi mwangu, nacho kiliifanya vizuri. Nilifika juu nimemwaga nusu. Bibi Somoe akachungulia debe la kwanza, akachungulia la pili, akasema Mngoni bado hajanitoka kabisa.

Nilikaa kwake hadi mvua za kwanza. Siku ya kuondoka nilitaka kumwachia kisu kiwe chake. Alikataa. Alisema kwa muhogo ni kinene, kwa kuni ni kifupi, na kwa ming'oko kijiti kinakishinda. Alikuwa amekichukua kwa sababu kilikuwa changu, basi.

Nimerudi Songea sijaona tembo wala nyati, na Ruvuma sikuufikia. Nilichojifunza nakifanya kila asubuhi hapo mtoni, nanyi mnanicheka kama tulivyomcheka yeye. Kama kuna mzee anayelikumbuka jina la kwanza la nyanya yangu, na anitajie, nina mtu wa kumpelekea. Na kisu ninacho bado, ncha imepinda kidogo. Mwenye blanketi aje tubadilishane.