Fungate ya Kibandani

Wanaolala kwenye kile kibanda cha mbao kule mlimani, ndani ya hifadhi ya taifa, hudhani wa kwanza kulala humo walikuwa wapanda mlima. Wapi! Wa kwanza tulikuwa mimi na mume wangu, na kibanda chenyewe kilikuwa uani kwetu, Kariakoo.

Baba alikuwa seremala. Serikali ilimpa kazi ya kukitengeneza, akakisimamisha kwanza uani aone kama mbao zinashikana, ndipo azifungue zipakiwe. Lori halikuja, siku zile mafuta yalikuwa adimu. Nami nikaolewa. Nyumba ilijaa wapangaji mpaka ukumbini, fungate tungekaa wapi? Mama akatia kitanda kibandani, akafukiza udi.

Mume wangu alikuwa mwalimu katika kijiji cha ujamaa huko Lindi. Fungate ikiisha arudi kazini, mimi nibaki mpaka apewe nyumba. Zile siku saba ndizo tulizokuwa nazo, na nilizifanyia uchoyo.

Hazijafika katikati, lori likapiga honi.

"Shikamoo mzee. Mzigo wa serikali huu, nikichelewa mimi ndo nitaulizwa," dereva alimwambia baba. Tuliyasikia yote tukiwa ndani.

Baba hakuthubutu hata kuusogelea mlango; baba haingii kwa biharusi. Somo yangu, yule mwanamke aliyenifunda, ndiye aliyesimama pale, mikono kiunoni. "Mwari hatoki fungate haijaisha. Chukueni mbao zenu, chumba mtuachie."

Nilidhani anatania. Kumbe wanawake wa nyumba nzima walishakwenda kuleta kanga. Wakafunga kamba kukizunguka kitanda chetu. Baba akashika bisibisi, uso kaugeuzia ukuta wa ua asituone, na kila ubao ulipotoka, kanga ilikuwa imeshaning'inia mahali pake. Paa lilipoondoka, dereva yule yule mwenye haraka akatoa turubai lake. "Nitalichukua nikirudi," alisema, akitazama chini.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia.

"Kibanda kinakuliza?" aliuliza.

"Sikilii kibanda."

Akanishika mkono.

Fungate ilipoisha akaenda Lindi. Asubuhi ile wanawake walihitaji kanga zao, lakini hakuna aliyekuja kuzifungua. Walipita uani na ndoo zao kimya kimya, mpaka nilipotoka mwenyewe.