Wageni Hao, Ongezeni Mchele

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Maparoni, mpunga unaiva, nikakatiza mashamba yote mpaka kwa bibi bila mtu kuniitia. Usinicheke, rafiki yangu, lakini nilitembea polepole makusudi, nikiwapa nafasi. Watu walikuwepo kwenye madungu yao. Waliniangalia tu, wakainama.

Zamani usingefika kimyakimya namna hiyo. Msimu wa kuamia ndege sote tulihamia shamba, tukilala dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji. Kutwa tulipiga madebe na kurusha vidonge vya udongo kwa kombeo, na bibi alitutwangia pepeta ya mpunga mchanga, ya moto, ikinukia majani. Dungu la mjomba, mwanawe wa mwisho, lilikuwa la kwanza kutoka mtoni. Akimwona mtu njiani alipaza sauti, "Mgeni huyoo!" Dungu la pili likapokea, na la tatu, hadi kwa bibi, naye bila kuuliza ni nani aliongeza konzi ya mchele chunguni. "Mgeni asikute chungu kimeshaepuliwa," alikuwa akisema.

Mjomba alikuwa na utani. Hakuishia kwenye mgeni, alitangaza na alichovaa. Siku niliyopoteza ndala nikitoka shule, habari ilinitangulia: "Mwanafunzi huyoo, hana ndala!" Nikamkuta bibi na ufito mkononi. Mwalimu wetu, Mkristo aliyetoka bara, aliitiwa hivyohivyo, mpaka naye akajifunza kuita. Lafudhi yake ilituvunja mbavu.

Kisha ikaja miaka ile ya mauaji ya viongozi wa vijiji na misako ya askari. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, niko Dar. Asubuhi moja askari walishuka mtoni wakiwatafuta wauaji. Mjomba, na kanzu yake na ndevu zake, akasimama dunguni akaita kama siku zote: "Wageni haoo, wana buti!" Wakadhani anawatahadharisha wenzake. Wakampiga risasi palepale. Mkononi hakuwa na kitu ila kombeo.

Mwalimu ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa amemfuata mkubwa wa wale askari, akamwambia, "Afande, ile ni salamu yao. Hata mimi naiita, kila siku." Akajibiwa, "Wewe si mtu wa huku, mwalimu. Hawa tunawajua." Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Sauti ni ileile, njia ni ileile, na yeye hakuwahi hata kusimamishwa.

Tangu hapo hakuna anayeita. Siwalaumu. Lakini namkumbuka mjomba, na naitamani nchi ile ambayo ukimwona mtu kwa mbali, unampikia.

Bibi nilimkuta jikoni anaepua. Alishtuka kuniona mlangoni, akatazama chungu chake, wali wa mtu mmoja, akaona haya. Tukagawana, ukoko akaniachia mimi kama zamani. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ile sauti ya mjomba ilimfikia vizuri, dungu kwa dungu, kabla hajasikia mlio wa bunduki.

"Nilisikia wageni hao, mjukuu wangu," alisema. "Nikaongeza mchele."