Mdogo Wangu Anazeeka Kunipita

Wakati wa mvua za mwaka huu mdogo wangu alitoka kijijini kwetu Kasekese kuja hospitali mjini, na mimi nilikwenda kumpokea stendi. Kijana wa bodaboda alimwamkia yeye kwanza. "Shikamoo, babu." Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, mkalishe baba yako katikati, asije akadondoka."

Mdogo wangu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Umesikia, mwanangu?" akaniambia. "Nikalishe."

Mimi pia nilicheka. Lakini njia nzima hadi kwangu Makanyagio mgongo wake ulikuwa umeegemea kifua changu, na kila alipovuta pumzi nilisikia kitu kinapiga mluzi ndani yake. Sikucheka tena.

Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Yeye alipokuja duniani nilikuwa tayari nachunga mbuzi. Nilipelekwa shule, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikafanya kazi yangu kivulini hadi nilipostaafu. Sasa pensheni inaingia kila mwezi. Asubuhi naenda misa, mchana najinyoosha kidogo, Jumamosi nafundisha watoto wa kipaimara. Namshukuru Mungu kwa yote hayo.

Yeye alibaki nyumbani na tumbaku, na tumbaku haina kustaafu. Majani yakishaingia kwenye bani, kile kibanda cha kuyakaushia, moto hauruhusiwi kuzimika wala kuzidi, kwa hiyo mtu hukaa mlangoni kuulinda, akila na kulala kwenye moshi. Amefanya hivyo tangu ujana wetu.

Walimu niliostaafu nao wengi bado wapo. Tunakutana nje ya kanisa na kulalamikia magoti. Kule Kasekese rika la mdogo wangu limepungua kimyakimya. Zamani nilikuwa namuuliza habari za huyu na yule, naye akijibu, "Tulimzika." Siku hizi siulizi.

Daktari alisema mapafu yamechoka, akamkataza moshi na kazi nzito. Alipomaliza wiki yake ya sindano, mke wangu alimwandalia ugali na samaki wa mgebuka, akamwambia, "Shemeji, chumba kipo. Kaa hapa na sisi."

"Nikae nifanye nini, shemeji?"

"Upumzike."

"Kaka anapumzika kwa sababu mwezi ukiisha kuna mtu anamkumbuka. Mimi nikipumzika, atanikumbuka nani?"

"Mimi," nikasema. "Tutakula hichohicho."

"Na mke wangu? Na wale wajukuu? Nao waje tule hichohicho?"

Pensheni ya mwalimu naijua inapoishia.

Alitoka nje kutazama mawingu ya upande wa kwao. Aliporudi alisema, "Kesho naondoka. Bani limejaa, na niliyemwachia moto ana usingizi mzito."

"Daktari amekukataza."

"Amenikataza, kaka, na nimemsikia. Nyie mniombee tu."

Tuliomba pamoja kabla ya kulala. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba siku za mtu zimo mikononi mwa Mungu, na bado naamini hivyo. Ila siku hizi naona na sisi watu tumeingiza mikono yetu humo, tukawaongezea wengine na kuwapunguzia wengine.

Asubuhi stendi gari lilikuwa linakaribia kujaa. Mdogo wangu aliweka mfuko wake wa dawa chini, akavua kofia.

"Kaka, nina ombi. Ile nafasi ya kuume, pembeni ya kaburi la baba, ni yako, wewe mkubwa. Ukoo wote unajua."

"Ndiyo."

"Sasa nikitangulia mimi, watanipeleka kule mwisho, karibu na korongo. Maji yanakula ule udongo. Utaniruhusu nilale pale pako?"

Kwetu mdogo hamruki mkubwa, hata kaburini. Nilitaka kumkemea, nimwambie asiongee hivyo, kwamba mimi ndiye nitakayetangulia. Lakini alikuwa amesimama kwa adabu, kofia mkononi, kama alivyokuwa akisimama utotoni akiniomba kitu. Konda aliita abiria wa Kasekese.

"Nimekuruhusu," nikasema.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, ambayo ilikuwa bado inanuka moshi baada ya wiki nzima ya sabuni ya mjini. Alinishukuru, akaokota dawa zake, akapanda gari kwenda kuchochea moto wake.