Mganda Aliyesalimia Kisukuma

Harufu ya pamba mbichi iliyoshindiliwa guniani, yenye vumbi na mafuta ya mbegu kwa mbali, hunirudisha hadi leo uani kwetu Nkoma. Ulikuwa msimu wa kwanza watu binafsi kuruhusiwa kununua pamba. Zamani tulijua ushirika tu; sasa malori ya kila rangi yalipita yakipiga honi, nasi watoto tukayapa majina kama ng'ombe.

Alasiri moja lori lililokuwa limebeba pamba yetu na ya majirani lilizimika mbele ya nyumba, huku wingu zito likipanda upande wa ziwani. Fundi wake akatoka chini ya injini, mikono imejaa grisi, akamwona mama akipepeta mtama.

"Mwadila, mayu."

Mama alifurahi mno. Mgeni mrefu, mwenye Kiswahili cha mbali, anamwamkia kwa Kisukuma! Baba, aliyekuwa akinoa jembe, akageuza sikio lake zima. Lile la kushoto liliharibiwa na mzinga katika vita vya Kagera.

"Kwenu wapi?"

"Uganda, mzee. Lira."

"Na Kisukuma?"

"Askari yenu alinifunza. Mimi nilikuwa mateka."

Niwaambieni, kwetu neno Uganda halikutamkwa. Mdogo wake baba, Masanja, aliondoka naye kwenda vitani asirudi. Hata kaburi hatukuwa nalo. Ukimuuliza baba habari zake, anachukua fimbo anakwenda kuangalia ng'ombe, hata kama wote wamelala zizini.

Siku ile hakuchukua fimbo. Aliingia ndani akafunga mlango. Fundi, aliyeitwa Okello, akaanza kukusanya spana zake.

"Utakula kwanza," mama alimwambia. "Mwenye njaa haulizwi kwao ni wapi."

Kisha akanituma kwa baba. Nilimkuta amekaa kitandani, ameshika magoti. Nikasema lililokuwa kweli: "Baba, mvua inakuja, na pamba yetu imo kwenye lile lori."

Akanyanyuka. Yeye akashika upande mmoja wa turubai, Okello upande wa pili, wakavuta na kufunga kamba, mvua ikiwapiga migongoni. Walipomaliza walikuwa wamelowa sawasawa, wakaingia barazani. Mama akawawekea ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoyaunga kwa karanga. Walikula kutoka bakuli moja. Mimi nilishika birika la kunawia, nikakataa kuondoka.

"Huyo askari," baba akasema. "Alikuwa mfupi? Mwenye mwanya?"

Sikuwahi kuisikia sauti ile ya baba. Okello akaacha kula.

"Hapana, mzee. Alikuwa mrefu kama mimi."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, akalisogeza bakuli la mboga kwa mgeni.

"Na wewe, vitani ulikuwa wapi?"

"Kwenye mizinga."

Baba akagusa sikio lake. "Basi ulinipigia kelele sana, bwana."

Okello akacheka, baba akacheka, mpaka mama akatoka na mwiko kuona kumetokea nini. Wakaanza kubishana ni jeshi lipi lililokuwa na maharage mabaya zaidi. Na hapo, kwa mara ya kwanza, baba akatusimulia habari za Masanja: alivyokoroma, alivyoiba sukari ya afande, alivyoimba huku akiogopa. Asubuhi lori likawaka. Okello alipoaga, baba alimsindikiza hadi barabara kuu.

Nilidhani baba alimhoji mgeni kwa ukali. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akimtafuta mdogo wake, na kwamba Okello angeweza kumdanganya ili apendwe, lakini hakumdanganya. Tangu siku ile jina la Masanja likawa huru nyumbani kwetu. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, baba mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo.