Marahaba ya Mwalimu wa Simuni

Mwalimu wangu wa kemia hanijui hata kidogo. Makazi yake yalikuwa ndani ya simu, niliyoiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga dukani kwangu Kabeza. Kila mchana, wateja wakipungua, nilifungua video yake na kumwambia, "Shikamoo, mwalimu," kama tulivyozoezwa shuleni Mwanza kabla ya kuhamia nchi hii. Mama, akichambua maharage pembeni, alinicheka.

"Mwanangu, huyo mzungu wako amekuitikia leo?"

"Ataitikia tu, mama."

Ndege ikipita kuelekea uwanja wa Kanombe maneno yalimezwa, nami nikarudisha nyuma. Mengine niliyasikia mara kumi, mpaka atomi zikawa zinanielea machoni huku napima sukari. Somo moja nililipenda kuliko yote: anadondosha alkali kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye koki chini, ndani ya chupa ya asidi iliyotiwa dawa ya kuonyesha rangi. Maji yasiyo na rangi yanageuka waridi jepesi, anasema "Sasa!" na kufunga koki. Nililitazama kama mtu anayeota mchana.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nataka kusomea ufundi wa maabara. Mtihani wa maandishi nilifaulu. Ukabaki wa vitendo, chuoni, chupa mbili tu. Ukiharibu zote mbili, rudi dukani kwako. Sikuwahi kushika bureti maishani.

Chupa ya kwanza nilidondosha, nikadondosha. Rangi haiji. Kwa mwalimu ilikuwa pumzi moja! Nikajiona nimekosea, nikafungua koki kwa pupa, chupa ikaiva ghafla kama bitiruti, imeharibika. Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, akaguna kwa mshangao, kwa lugha ya huku.

"Yampaye inka! Dada, unakimbilia wapi?"

Kumbe, jamani, kwenye video walikata muda wa kusubiri! Nilimkasirikia yule bwana, kweli nilimkasirikia, na mwaka mzima namwamkia.

Chupa ya pili sikuiharakisha. Tone. Natikisa. Tone. Kichwani nikasikia mvua ya Kabeza kwenye mabati, maharage ya mama yakianguka kwenye sinia. Waridi likachungulia, likatoweka. Likachungulia tena, jepesi, na safari hii likabaki. Nikangoja sauti ya mwalimu iseme.

"Sasa," nikasema mwenyewe, nikafunga koki.

Msimamizi akainua chupa dirishani. "Hiyo ndiyo. Umepita." Na mimi, mtu mzima, nikalia.

Kesho yake mchana niliegemeza simu kwenye kopo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mama aliitikia, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage.